Besiboli ya Marekani mubashara ukiwa Mtwara na Lindi: saa, bando na malipo (uzi maalumu)

Nahodha wa Msangamkuu

Wakuu, salaam.

Tangu jina la Shohei Ohtani, nyota Mjapani wa Dodgers ya Los Angeles, lizagae kwenye simu za vijana, swali ninaloulizwa sana ni moja: hizi mechi za MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, unazionaje mubashara ukiwa huku kusini? Wengi wameishia kwenye vipande vya YouTube wakiamini mechi nzima ni ya watu wa huko tu. Sivyo. Katika hili sisi wa Mtwara na Lindi tuko huru kuliko mshabiki anayeishi jirani na uwanja, na naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjaanza kusaka linki za wizi.

Ligi yenyewe ina huduma yake, MLB.TV, iliyoanza 2002. Ukilipia unapata karibu kila mechi ya timu zote 30. Kila timu hucheza mechi 162 kabla ya mtoano, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba ni nadra kukuta siku isiyo na besiboli. Sasa kule Marekani kwenyewe kuna vizuizi vya maeneo. Televisheni ya eneo fulani inanunua haki za timu ya pale, na aliyelipia MLB.TV akiwa ndani ya eneo hilo anafungiwa timu yake mwenyewe. Jimbo la Iowa halina hata timu moja ya MLB, lakini watu wake wamekuwa wakifungiwa timu sita kwa mpigo, kwa sababu zote sita zinahesabu Iowa kuwa eneo lao. Kizuizi hicho hakitufikii. Ukiwa Shangani au Nachingwea unafungua Cubs, Yankees, Dodgers, yeyote umtakaye, na mtoano wa Oktoba umo kwenye malipo yaleyale.

Kwa hiyo VPN, programu ya kukufanya uonekane uko nchi nyingine, ya nini? Watu wanaelekezwa waiweke ili "waonekane wako Marekani", na wakishaonekana wako Marekani ndipo wanapofungiwa. Isitoshe, tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inataka watumiaji wa VPN wajisajili. Achana nayo, huihitaji.

Tatizo letu la kweli ni saa. Karibu msimu mzima tuko mbele ya New York kwa saa 7, Chicago kwa saa 8 na Los Angeles kwa saa 10. Mechi ya usiku ya New York ikianza saa 1:05 jioni yao, kwetu ni saa 8:05 usiku. Hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Unakatisha usingizi mzito, mechi inaisha karibu saa 11 alfajiri, na kazi inakusubiri.

Ushauri wangu: anza na saa, timu itafuata. Jumapili mechi nyingi huchezwa mchana wao, na ya saa 7:35 mchana New York ni saa 2:35 usiku kwetu. Jumatano na Alhamisi pia, siku ambazo timu zinasafiri kwenda mji mwingine, huwa na mechi za mchana. Na kama huna timu bado, watazameni Chicago Cubs. Uwanja wao wa Wrigley Field haukuwa na taa hadi 1988, na mpaka leo wanacheza mechi nyingi za mchana kuliko wengine. Zinaanza saa 7:20 mchana yao, sawa na saa 3:20 usiku hapa. Umeshakula, watoto wamelala, unatazama.

Na mechi siku hizi haziburuzi. Mwaka 2023 waliweka saa ya kumhesabia mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira: sekunde 15 kama hakuna mkimbiaji kwenye kituo, au 20 kama yupo (mwaka uliofuata hiyo ya 20 ikawa 18). Mechi zilizokuwa zinapita saa tatu zikashuka hadi kama saa mbili na dakika arobaini. Iliyoanza saa 2:05 usiku, kabla ya saa 5 umeshamaliza.

Maswali yaleteni hapahapa. Nitajibu ninachokijua.

Korosho Ghafi

Mkuu asante, lakini umeruka kwenye maumivu. Bei gani na tunalipaje? Mwezi Machi huku Tandahimba mfuko umekauka, hela inaonekana minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba.

Nahodha wa Msangamkuu

Swali la msingi, kaka. Mwaka 2025 kifurushi cha msimu mzima, timu zote, kilikuwa kama dola 150, na cha mwezi kama dola 30. Kwa shilingi ule wa msimu unakaribia laki nne na wa mwezi ni kama elfu themanini. Bei inabadilika kila mwaka, na msimu ukishafika katikati huwa wanaipunguza, kwa hiyo angalia kwenye tovuti yao siku unayotaka kulipa.

Kwa mtu wa korosho nakushauri usihangaike na Machi. Lipia mwezi wa Oktoba peke yake. Karibu mtoano wote uko humo na ndiyo besiboli bora ya mwaka. Miezi ya nyuma fuata bure kama nitakavyoeleza chini.

Kulipa unahitaji kadi ya Visa au Mastercard. Kadi ya benki ya kawaida inafaa, ila wengi kadi zao zimefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni, mpaka uombe benki yako iwashe. Wasio na benki wanaweza kutengeneza kadi pepe kwenye pochi ya simu, kama mtandao wao unatoa huduma hiyo. Weka kiasi kinachotosha pamoja na makato, usiache hela nyingi mle. Halafu jambo la muhimu sana: usajili unajirudia wenyewe. Ukishalipa tu, ingia kwenye akaunti uzime kujirudia, huduma itaendelea hadi muda wako uishe. Usipozima, watakata tena muda ukifika, na wewe umeshasahau.

Binti Mikindani

Kaka Nahodha, kwa heshima yako napinga hilo la "anza na saa, timu itafuata". Timu haichaguliwi kama unapanda basi la saa fulani. Mimi ni Dodgers na sitahamia Cubs kwa sababu ya usingizi.

Na hata kwa hizo saa zako, umeitupa Los Angeles bila kuitazama vizuri. Mechi ya usiku pale inaanza saa 1:10 jioni yao. Kwetu ni saa 11:10 alfajiri! Mikindani hiyo ni saa ya watu walioamka. Wanaume wametoka msikitini, wavuvi wanarudi, mimi nimeshabandika chai. Naswali, nakaa na simu jikoni, mpaka saa 2 kasorobo asubuhi mechi imekwisha na sijapoteza hata dakika ya usingizi. Hivyo hivyo kwa San Diego, San Francisco na Seattle. Saa mbaya kwetu ni za mashariki, New York na Boston, si za magharibi. Watu wanaona Los Angeles iko mbali zaidi wanadhani ndiyo ngumu zaidi, kumbe umbali umeisukuma mechi mpaka asubuhi yetu.

Nahodha wa Msangamkuu

Dada, hoja yako ni nzito na naipokea. Kwa anayeamka alfajiri, timu za magharibi ni bora kuliko hata Cubs. Niongeze tu kwamba timu hiyohiyo nusu ya mechi zake iko ugenini. Dodgers wakienda New York au Philadelphia wanakuangukia saa 8 usiku. Kwa hiyo tazama ratiba ya wiki nzima, uone ziara za mashariki zimekaa wapi.

Binti Mikindani

Ziara za mashariki natazama marudio. Kwenye programu ya MLB kuna mpangilio wa kuficha matokeo, ukiuwasha haioneshi nani kashinda. Nikiamka naicheza mechi tangu mwanzo kama ndiyo inaanza. Sharti moja, usifungue WhatsApp kwanza.

Lakini Oktoba siwezi marudio. Fainali ya 2025, mechi ya tatu, Dodgers na Toronto Blue Jays, nani aliitazama? Ilianza saa 9 na dakika kidogo usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 28 Oktoba. Besiboli haina sare: awamu tisa (kila awamu timu zote mbili hupiga kwa zamu) zikiisha mko sawa, mnaendelea. Wakaenda kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Jua limetoka, watoto wamekwenda shule, mama anauliza huo mpira wa nini usioisha. Awamu ya 18 Freddie Freeman wa Dodgers akapiga homurani, mpira ukavuka uzio, 6-5, saa 3:50 asubuhi kwetu. Saa sita na dakika 39! Ohtani alifika kituoni mara tisa, wapinzani wakawa wanampa kituo bure kwa makusudi kuliko kumrushia mpira autandike. Nani ataniambia niridhike na dakika nane za YouTube?

Mwalimu wa Newala

Mechi ya saba ya fainali hiyo ndiyo iliyoniuma. Ilichezwa alfajiri ya tarehe 2 Novemba kwa saa zetu, Dodgers wakashinda 5-4 kwa awamu 11, na nchi ilikuwa haina intaneti tangu tarehe 29 Oktoba. Matokeo nimeyajua siku zimeshapita.

Fundi Dishi Masasi

Ndiyo maana sisi mafundi tunasema usitegemee njia moja. Hata Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, Tanzania nzima ilikuwa inatambaa. Anayetazama kwa satelaiti hakuguswa.

Kwa dishi, njia iliyozoeleka ni DStv, chaneli za ESPN. Wamekuwa wakionesha baadhi ya mechi za MLB, hasa, hadi 2025, ile ya Jumapili usiku wa Marekani, ambayo kwetu ilikuwa saa 8 na dakika kumi usiku wa kuamkia Jumatatu. Haki za matangazo zinahama, kwa hiyo kabla hujaongeza kifurushi kwa ajili ya besiboli, fungua mwongozo wa vipindi wa wiki hiyo ujiridhishe. Huchagui timu, unapewa waliyoipanga wao. Azam wamejikita zaidi kwenye soka, usinunue king'amuzi chao ukitegemea besiboli.

Na mkumbuke umeme. Anayetazama kwenye televisheni kubwa ukikatika yuko gizani, mwenye simu iliyojaa chaji anaendelea.

Kijana wa Bima

Wakuu, mimi mwanafunzi. Elfu themanini sina, hata elfu nane ya bando ni ya kuvizia. Kuna jamaa ananipa linki za Telegram bure. Zina ubaya gani?

Nahodha wa Msangamkuu

Mdogo wangu, zina ubaya. Linki ile inakufungulia kurasa tano za kamari, inakuomba usakinishe kitu usichokijua, na simu hiyohiyo ndiyo yenye pesa zako. Halafu inakatika awamu ya nane, pale unapoihitaji.

Ipo njia ya bure na ya halali. Fungua akaunti ya MLB, haina malipo, barua pepe tu. Msimu ukiwa unaendelea, karibu kila siku wanatoa mechi moja ya bure, mubashara, kwa mwenye akaunti. Si lazima iwe timu yako, ila ni mechi kamili na picha safi. Pili, kuna kitu kinaitwa Gameday humohumo kwenye programu. Hakina video. Kinakuchorea kila mpira uliorushwa, ulipita wapi, kwa kasi gani, mkimbiaji yuko kituo gani. Kinakula bando kidogo mno.

Kuhusu bando lenyewe, kadiria hivi: picha kali inakula kama GB 3 kwa saa, mechi nzima kama GB 8. Ukishusha ubora hadi wa kawaida unatumia kama GB 2 au 3 kwa mechi. Kwenye simu ya inchi sita ubora wa kawaida unatosha kabisa. Usiiache programu ijichagulie ubora, ipangie mwenyewe kabla mpira wa kwanza haujarushwa.

Na sauti msiidharau. Kuna kifurushi cha redio peke yake, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na video, na mechi nzima haifiki MB 200. Besiboli na redio vimelelewa pamoja. Vin Scully alitangaza mechi za Dodgers misimu 67, kuanzia 1950 hadi 2016, na watu walikuwa wanakwenda uwanjani na redio mkononi ili wamsikie huku wanatazama kwa macho yao. Ukijua kanuni, mtangazaji mzuri anakuonesha kila kitu.

Mwalimu wa Newala

Hapo kwenye kanuni nataka kusema. Mimi nilisoma Azania, Dar, pale ulipojengwa uwanja wa besiboli 2018 kwa msaada wa Japani. Nilichokiona ni kwamba mtu akikaa mbele ya mechi bila kujua anatazama nini, dakika kumi anaondoka na harudi. Mwambie mambo matatu tu. Kila timu hupiga na hulinda kwa zamu, na zamu inageuka watu watatu wakitolewa. Mpigaji akikosa mara tatu ametoka, akiachiwa mipira minne mibaya anapewa kituo cha kwanza bure. Pointi ni kuzunguka vituo vyote ukarudi nyumbani. Aliyecheza rede utotoni anashika haraka, maana hofu ya kunaswa katikati ya safari anaijua.

Halafu mwambie kuhusu watu wetu. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza MLB, na zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga akapiga akafika kituoni. Majirani zetu Uganda walipeleka watoto wa Lugazi kwenye Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, 2012, wa kwanza kutoka Afrika, na 2022 vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma, walisaini na Dodgers. Ukiwaambia wanafunzi hivyo, swali linalofuata ni "mwalimu, tunawaonaje?" Ndipo huu uzi unapokuja.

Kwa wasioweza kabisa usiku, msisahau Japani. Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6, mechi ya saa 12 jioni kule ni saa 6 mchana hapa. Kuipata kihalali ukiwa nje ya Japani ni kazi kuliko MLB, lakini timu zao nyingi zina kurasa za YouTube zenye vipande vya kila siku.

Mzee wa Kibanda Ruangwa

Nimesoma kimya, sasa niulize la biashara. Mimi nina kibanda umiza. Yanga, Simba, Namungo wetu, Uingereza, hapo sina tatizo, kibanda kinajaa. Ligi zikiisha katikati ya Juni hadi Agosti kibanda kinalala, labda uwe mwaka wa Kombe la Dunia. Je, nikilipia hiyo MLB.TV nikatoza mia tano kwa kichwa?

Nahodha wa Msangamkuu

Shikamoo mzee. Umegusa jambo ambalo nimelifikiria muda mrefu. Juni, Julai na mwanzo wa Agosti ndiyo besiboli iko katikati, mechi kila siku, na Jumapili zinaangukia saa 2 hadi 5 usiku, saa ileile ya kibanda. Kwa ratiba hakuna mchezo unaoziba pengo hilo vizuri hivyo.

Lakini kwa kiingilio, hapana. Masharti ya MLB.TV ni matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Ukitoza unavunja masharti na akaunti inaweza kufungwa. Usiingie huko. Kwa kibanda njia ya kufuata ni king'amuzi chenye kifurushi cha biashara. Waulize wakala wa king'amuzi wanataka nini kwa sehemu ya umma, wakujibu kwa maandishi, halafu uone kama ESPN imo na besiboli imo.

Mzee wa Kibanda Ruangwa

Marahaba. Nimekuelewa. Nitaulizia kifurushi cha biashara. Nyumbani kwangu nikiwaita wajukuu na jirani mmoja tukatazama, hapo je?

Nahodha wa Msangamkuu

Nyumbani kwako bila kiingilio, mzee, hiyo ndiyo matumizi binafsi yenyewe. Unganisha simu na televisheni kwa waya wa HDMI kama simu yako inakubali, au programu ya MLB kwenye televisheni janja. Chemsha ming'oko, waite.

Korosho Ghafi

Mkuu, la mwisho. Fainali za Oktoba zinaanza saa ngapi hasa? Nataka nipange na siku za mnada, maana siku hizo natoka nyumbani alfajiri.

Nahodha wa Msangamkuu

Fainali huanza saa 2 na dakika chache usiku wa New York, hata ikichezwa Los Angeles, kwa sababu televisheni inataka watu wa mashariki waione. Kwetu ni saa 9 usiku na dakika chache, inaisha karibu saa 12 asubuhi. Raundi za awali za mtoano zina nafuu: siku zenye mechi tatu au nne, ya kwanza inaweza kuanza jioni yetu au mapema usiku. Kwa mtu wa mnada, ningekuwa wewe ningelala saa 2 usiku siku ya fainali, niamke saa 9. Na mechi ya kwanza huwa mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo lipia mwezi wako usianze mapema mno ukakuishia mechi ya sita. Wakifika Novemba, Jumapili ya kwanza Marekani wanarudisha saa nyuma, tunakuwa mbele ya New York kwa saa 8. Mechi ikivuka hapo ongeza saa moja.

Kijana wa Bima

Nimefungua akaunti, imekubali bila kuombwa kadi. Mechi ya bure ya leo inaonesha saa 8:10 usiku. Nina kipindi asubuhi.

Nahodha wa Msangamkuu

Leo lala. Fungua ratiba ya Jumapili uone ya bure ni ipi na inaanza saa ngapi. Hakikisha programu imesoma saa za Tanzania na si za New York. Ikiwa ni ya saa 2 usiku, niandikie hapa tuitazame pamoja, nitakueleza kila mpira.

Binti Mikindani

Na mimi nipo, hata kama si Dodgers.